"To hear" au "hearing"? Namna "ku-" moja ya Kiswahili inavyogawanyika katika Kiingereza

BARUA ya maombi ya kazi iliyoandikwa kwa Kiingereza aghalabu humalizika kwa sentensi moja ya heshima, ya kueleza kwamba mwombaji anatarajia kupata majibu. Ndani ya sentensi hiyo ndimo kosa hupenda kujificha. Mwombaji huandika "I look forward to hear from you" mahali ambapo Kiingereza sanifu hudai "I look forward to hearing from you", na mwajiri aliyekuwa akitafuta sababu ya kupunguza lundo la barua mezani pake huwa amekwisha kuipata.

Kosa hilo halitokani na uzembe. Chimbuko lake ni mpangilio wa Kiswahili chenyewe, lugha ambayo ina umbo moja tu la kutaja kitendo bila kumtaja mtendaji wala wakati, yaani kitenzi-jina chenye kiambishi "ku-".

Mzungumzaji wa Kiswahili husema "nataka kusoma", "napenda kusoma", "kusoma kuna faida", "bila kusoma" na "uvivu wa kusoma", na katika sentensi zote tano neno "kusoma" halibadiliki hata herufi. Kiingereza humlazimisha mtu huyo huyo kuchagua kati ya "to read" na "reading" kila anapofungua kinywa. Wanasarufi huliita umbo la kwanza infinitivu na la pili jerandi.

Mgawanyiko huo ni wa kale. Katika Kiingereza cha kabla ya mwaka 1100, infinitivu ilikuwa na mwisho wake, "-an", na neno "to" lilitangulia hasa pale msemaji alipotaka kuonyesha lengo au mwelekeo. Majina ya vitendo nayo yaliundwa kwa "-ung" au "-ing". Miisho mingi ya maneno ilipopukutika katika karne zilizofuata, "to" ikabaki kuwa alama ya infinitivu, na "-ing" ikapanuka hadi kumeza kazi ya umbo jingine kabisa, lile la kuonyesha kitendo kinachoendelea.

Ndiyo maana si kila neno lenye "-ing" ni jerandi. Katika "she is reading", ambayo ni "anasoma", hakuna jina la kitendo. Katika "reading is useful" lipo. Kitabu kikubwa cha sarufi ya Kiingereza kilichotolewa Cambridge mwaka 2002 na Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum kiliunganisha maumbo hayo mawili chini ya jina moja, lakini kwa mwanafunzi wa Kiswahili tofauti ya zamani bado ina manufaa: panapotafsirika kwa "-na-" au "-ki-" si jerandi, panapotafsirika kwa "ku-" huenda ni jerandi.

Njia nyepesi kuliko zote ya kuchagua huanzia kwenye neno linalotangulia "ku-". Ikiwa kabla yake kuna "bila", "kabla ya", "baada ya", "kwa" ya namna ya kutenda au "katika", Kiingereza karibu daima hutumia "-ing". "Bila kulipa" ni "without paying", "kabla ya kuondoka" ni "before leaving", na "alifaulu kwa kujituma" ni "he succeeded by working hard". Sababu ni kwamba kihusishi cha Kiingereza hutaka jina mbele yake, na jerandi ni jina.

Hapo ndipo siri ya "look forward to" inapofichuka. Neno "to" katika usemi huo si alama ya infinitivu bali ni kihusishi, sawa na "for" au "with". Jaribio lake ni rahisi: ikiwa baada ya "to" panaweza kuwekwa "it" au jina la kawaida, mathalani "I look forward to it" au "I look forward to your reply", basi kitenzi kitakachokaa mahali hapo lazima kiwe na "-ing". Kwa jaribio hilo hilo hupatikana "object to paying", "committed to serving" na "in addition to teaching".

Mtego mkubwa zaidi wa jamii hiyo ni "used to". "I used to work at night" maana yake ni kwamba zamani msemaji alikuwa akifanya kazi usiku, na sasa hafanyi tena. "I am used to working at night" ni kwamba amezoea, na haimsumbui. Mtu anayesailiwa kwa kazi ya ulinzi au uuguzi akitamka la kwanza akikusudia la pili, atakuwa amewaambia wasaili kwamba kazi za usiku alikwisha kuachana nazo.

Kanuni ya "ya" ina mpaka wake. "Hofu ya kushindwa" ni "fear of failing", na "tabia ya kuchelewa" ni "the habit of coming late". Lakini "haki ya kupiga kura" ni "the right to vote", na "uamuzi wa kujiuzulu" ni "the decision to resign". Majina yanayobeba maana ya haki, uwezo, ruhusa, uamuzi, ahadi au jaribio huelekea kwenye "to", kwa kuwa yanatazama kitendo ambacho bado hakijafanyika.

Wazo hilo la kitendo kilichopo na kitendo kinachongojewa ndilo msaada wa pili, linapofika suala la vitenzi. Mwaka 1968 mwanaisimu wa Marekani, Dwight Bolinger, alidokeza kwamba "-ing" hulichukulia jambo kama kitu halisi, ilhali infinitivu hulichukulia kama jambo la kudhaniwa au la baadaye. Kwa mantiki hiyo, kutaka, kutumaini, kuamua, kuahidi, kukubali, kukataa na kupanga hufuatwa na "to": "she hopes to pass", "they refused to move". Kufurahia, kumaliza, kukiri na kukana hufuatwa na "-ing": "he enjoys cooking", "he denied taking the money". Mtu hawezi kumaliza jambo lisilokuwapo.

Hata hivyo, mantiki hiyo haina nguvu ya sheria. "Avoid" na "postpone", yaani kuepuka na kuahirisha, huhusu mambo ambayo hayakutokea, na bado hudai "-ing". "Manage", kufanikiwa kufanya jambo, huhusu lililokwisha kutokea, na bado hudai "to". Vitenzi vya namna hiyo huhifadhiwa kichwani kimoja kimoja, kama Mwingereza anayejifunza Kiswahili anavyohifadhi ngeli za majina. "Suggest" ndicho kinachoponza wengi. Kwa kuwa Kiswahili husema "napendekeza twende" au "napendekeza kwenda", huandikwa "I suggest to go", ilhali sahihi ni "I suggest going" au "I suggest that we go".

Penye uzito zaidi ni pale ambapo maumbo yote mawili ni sahihi kisarufi lakini hayasemi jambo moja. "He stopped smoking" ni kwamba aliacha sigara. "He stopped to smoke" ni kwamba alisimama, akaacha alichokuwa akikifanya, ili avute. Mgonjwa anayejibu swali la daktari kwa Kiingereza anaweza kwa herufi chache kuandikiwa historia ambayo si yake.

Kiswahili hapa hakina utata, kwa sababu hutumia vitenzi tofauti, "kuacha" na "kusimama". Anayeandika Kiingereza hana budi kujiuliza kwanza ni kipi kati ya hivyo viwili anachokusudia.

Kitenzi "remember" kina hatari ya namna yake, hususan katika maelezo yanayotolewa polisi au mahakamani. Mlinzi wa ghala lililoibiwa anaweza kusema "I don't remember locking the door". Hiyo ni sawa na "sikumbuki kufunga mlango": huenda aliufunga, huenda hakuufunga, kumbukumbu yake haimsaidii. Akisema "I didn't remember to lock the door", amesema "sikukumbuka kufunga mlango", maana yake hakuufunga. Kauli ya kwanza ni shaka, ya pili ni ungamo.

Katika Kiswahili tofauti hiyo imebebwa na wakati wa kitenzi, "sikumbuki" dhidi ya "sikukumbuka", huku "kufunga" ikibaki ilivyo. Hata hivyo, hakimu akimwuliza shahidi kuhusu siku iliyopita, "sikukumbuka kufunga" yaweza kueleweka kwa namna zote mbili, na mkalimani asiyeomba ufafanuzi atachagua umbo moja kwa kubahatisha. Chaguo hilo ndilo litakaloingia katika kumbukumbu za kesi.

"Forget" hufuata njia hiyo hiyo, na "regret" pia. "I regret to inform you" ni lugha ya barua za kukataliwa: mwandishi anasikitika kwa habari anayokaribia kuitoa. "I regret informing you" ni majuto ya mtu aliyekwisha kutoa habari na sasa anatamani angenyamaza. Kwa upande wa "try", fundi wa kompyuta anayesema "try restarting it" anashauri mashine izimwe na kuwashwa tena ili kuona kama itapona. Akisema "try to restart it" anadokeza kwamba hata kuiwasha kwenyewe huenda kukashindikana.

Vitenzi kama "begin", "start" na "continue" hukubali maumbo yote mawili bila badiliko kubwa la maana, na hakuna sababu ya kuvihangaikia. "Like" navyo ni hivyo, isipokuwa katika "would like", ambayo hudai "to" pekee: "I would like to apply".

Lengo la kitendo nalo hutaka "to". Kwa kuwa Kiswahili husema "ninaandika kwa ajili ya kuomba kazi", wapo wanaoandika "I am writing for applying", wakitafsiri kila neno la "kwa ajili ya". Kiingereza husema "I am writing to apply", bila "for". Kinyume chake, baada ya "make" na "let" hata "to" yenyewe huondolewa: "they made him wait", si "made him to wait". Jambo la kushangaza kidogo ni kwamba sentensi hiyo ikigeuzwa kuwa ya kutendwa, "to" hurejea: "he was made to wait".

"Need" huleta ugumu wa aina nyingine. "Viatu vinahitaji kushonwa" kwa Kiswahili kina kauli ya kutendwa. Kiingereza husema "the shoes need mending", kana kwamba viatu ndivyo vinavyoshona, au "need to be mended". "The shoes need to mend" haikubaliki.

Lipo eneo moja ambalo mzungumzaji wa Kiswahili humtangulia hata Mwingereza wa kuzaliwa. Kiswahili husema "kuchelewa kwake kulituudhi", kwa kimilikishi. Kiingereza rasmi nacho husema "his coming late annoyed us", ilhali katika mazungumzo Waingereza wengi husema "him coming late".

H. W. Fowler, mtunzi wa kamusi mashuhuri ya matumizi ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1926, alilishutumu vikali umbo hilo la pili, naye mwanaisimu wa Denmark, Otto Jespersen, akampinga kwa hoja kwamba limetumika tangu zamani. Kwa sasa yote mawili husikika. Katika barua ya ofisini, kimilikishi ndicho salama, na anayefikiri kwa Kiswahili hukipata bila jasho.

Ukanushi hauna mgogoro. "Kutochelewa" huwa "not to be late" au "not being late" kwa kufuata kanuni zile zile, na "not" hutangulia. Wapo wanaoendelea kukataza neno lolote kuingia kati ya "to" na kitenzi chake, katazo lililotiliwa mkazo mwaka 1864 na Henry Alford, kiongozi wa kanisa kuu la Canterbury. Vitabu vingi vya sarufi vya leo havilishiki tena katazo hilo, ingawa mwombaji wa kazi asiyejua mwajiri wake ni wa kizazi kipi hapotezi kitu akiandika "I promise not to be late".