Kanga: Mwenyeji wa vichakani anayewashtua wasaka visanduku

MCHEZO wa jiokachingi, yaani kusaka visanduku vilivyofichwa kwa kuongozwa na mitambo ya setilaiti, ulianza Mei 2000. Tarehe 2 mwezi huo Marekani iliacha kuyavuruga makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Kesho yake Dave Ulmer akaficha ndoo karibu na mji wa Portland, Oregon, akawaalika watu waitafute. Anayekipata kisanduku huandika jina katika kijitabu kilichomo, kisha hukirudisha palepale.

Huko Marekani, msakaji anaweza kukabiliana na bata mzinga mwitu. Kenya haina bata mzinga ila wa kufugwa. Anayekaribiana naye ni kanga. Wazungu wa karne ya 16 waliwachanganya ndege hawa wawili, na mkanganyiko huo ungalipo katika majina ya kisayansi: mwaka 1758 Linnaeus alimpa bata mzinga jina Meleagris, ambalo Wagiriki wa kale walimwitia kanga.

Katikati ya jiji la Nairobi msakaji hana haja ya kumwogopa kanga. Amwogope askari wa lango, atakayetaka kujua kwa nini mtu mzima anapapasa chini ya benchi. Mambo hubadilika mtu aelekeapo magharibi na kusini-magharibi, kwenye viunga vya Karen na Lang'ata, jirani na Mbuga ya Taifa ya Nairobi yenye kilomita 117 za mraba. Ndani ya mbuga ni marufuku kushuka garini ila penye vituo maalum. Hivyo, anayetembea kwa miguu humkuta kanga nje ya ua, kwenye nyasi na vichaka.

Hapo ndipo penye tatizo. Kanga hulala mtini lakini hutaga chini, katika kishimo alichokiparua kwenye nyasi ndefu au chini ya kichaka. Mahali panapomfaa mficha kisanduku ndipo panapomfaa kanga pia. Wahenga walisema kanga hazai ugenini. Kiota kikiwapo, mgeni ni msakaji. Mara nyingi mayai huwa kati ya sita na 12, yenye ganda gumu, na jike huyaatamia kwa takriban siku 27. Akisumbuliwa, huweza kuyatelekeza.

Msimu wa kutaga hufuata mvua, ambazo Nairobi hunyesha hasa Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Miezi hiyo ni bora kisanduku kining'inizwe mtini kuliko kulazwa nyasini. Msakaji naye atangulize macho kabla ya mkono.

Mayai yakionekana, yasiguswe wala kubebwa kwenda kuanguliwa nyumbani. Kanga ni mnyamapori kisheria, na anayetaka kumfuga sharti kwanza apate kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS).