Kioo Kilichoona Zaidi ya Jicho

Ewe msomaji, mwezi wa Januari, yapata saa nne usiku, toka nje ukatazame juu. Utaona nyota tatu zilizopangana mstari mmoja mfano wa shanga. Huo ni mshipi wa Jabari, kundi la nyota ambalo Wazungu huliita Orion. Nasi tukaao karibu na Ikweta hulipata karibu na utosi. Penye mshipi huo pananing'inia nyota chache hafifu kama upanga, na mojawapo si nyota hasa. Ni nebula, yaani wingu la gesi ing'aayo, nalo li mbali hata mwanga wake huchukua miaka 1,300 hivi kutufikia.

Wataalamu wa zamani walilichora kwa mkono, na michoro yao haikupatana. Si kwamba walikuwa wavivu. Jicho hupokea mwanga na kuusahau papo hapo. Likiisha kuzoea giza, hata ukikodoa mpaka alfajiri hutaona zaidi. Kioo kilichopakwa dawa ya fedha sivyo kilivyo. Mwanga ukikiangukia hubaki, na mwingine huongezeka juu yake, kama maji katika mtungi uliotegwa chini ya mchirizi wa paa.

Wa kwanza kulipiga picha wingu hilo alikuwa Henry Draper, daktari wa New York, tarehe 30 Septemba 1880. Alikiacha kioo wazi kwa dakika 51. Nawe ukumbuke kwamba dunia haisimami. Darubini isipozifuata nyota hatua kwa hatua, kwa mtambo kama wa saa, picha yote huvurugika. Machi 1882 alidumu dakika 137, na mawingu hafifu zaidi yakajitokeza. Novemba mwaka huo huo akafariki, umri wake miaka 45 tu.

Mjane wake, Mary Anna Draper, hakukubali kazi ya mumewe izikwe pamoja naye. Tangu 1886 alitoa fedha kwa kituo cha kutazamia nyota cha Chuo Kikuu cha Harvard, ili nyota ziendelee kupigwa picha. Na hapo ndipo aingiapo mwanamke wa pili, ambaye, sikufichi, ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Williamina Fleming alizaliwa Dundee, Skotilandi, mwaka 1857. Alivuka bahari na mumewe kwenda Marekani, na huko mume akamwacha hali ana mimba. Akawa mtumishi wa nyumbani kwa Edward Pickering, mkuu wa kituo kile. Pickering alitambua akili yake, akampa kazi ya hesabu kituoni. Hatimaye akawa mkaguzi wa vioo.

Tarehe 6 Februari 1888, William Pickering, ndugu wa mkuu, alielekeza darubini upande wa mshipi wa Jabari, akakiacha kioo wazi dakika 90. Vioo vya siku zile havikuhisi wekundu, na wekundu ndio rangi kuu ya gesi ya haidrojeni ing'aapo. Basi alama iliyobaki ilikuwa hafifu mno. Bibi Fleming alipokikagua kioo hicho aliona ukanda wa wingu, na ubavuni mwake pengo dogo la nusu duara. Pengo hilo ndilo liitwalo leo Kichwa cha Farasi. Wala si tundu. Ni vumbi zito lizuialo mwanga wa gesi iliyo nyuma yake. Edward Barnard aliliandika la 33 katika orodha yake ya mawingu meusi ya mwaka 1919.

Je, sifa zilimwendea nani? Mwaka 1895 ilitolewa orodha kubwa ya nebula iliyokusanywa na John Dreyer. Humo, vyote vilivyogunduliwa Harvard viliandikiwa jina moja tu: Pickering. Labda alitaka kufupisha. Lakini jina Fleming ni fupi kuliko Pickering. Katika orodha yake ya pili, ya mwaka 1908, Bibi Fleming na wanawake wenzake walitajwa kwa majina yao. Yeye alifariki mwaka 1911, hali amekwisha kugundua katika vioo vile nebula 59, nyota 310 zibadilikazo mwangaza, na nyota 10 zilizowaka ghafula.