Sehemu ya 3: Honda ya babu, tuikate au tuiache orijino?

Kwenye mfululizo wetu wa vitu vya nyumbani na usalama wa watoto, leo ni zamu ya pikipiki. Sio hizi mpya. Naongelea ile Honda ya zamani ya babu iliyolala bandani miaka yote, na sasa baba watoto ameipenda. Anataka kuipeleka kwa fundi: madigadi yatoke, ekzosi ifupishwe, kiti kikatwe. Shemeji yako naye anasema hapana, kitu cha kale kinaachwa kilivyo. Wewe uko katikati na mtoto mgongoni. Nani yuko sahihi? Ngoja nikupe historia kwanza, jibu limo humo humo.

Japani, 1946. Vita imeisha mwaka uliopita na chakula kinafuatwa mbali. Soichiro Honda, fundi wa Hamamatsu, anapata injini ndogo zilizokuwa zinaendesha jenereta za redio za jeshi. Anafunga moja kwenye baiskeli. Tangi la mafuta je? Akatumia chupa ya maji ya moto, ile ya kupashia joto kitandani. Aliyepanda kuijaribu ni mkewe, Sachi, ambaye ndiye alikuwa akikanyaga baiskeli kwenda kutafuta chakula cha familia. Alizunguka nayo mjini, akarudi nyumbani suruali yake nzuri imelowa mafuta. Akamwambia mumewe wazi kwamba hii haifai, wateja watakuja kukugombeza. Honda akairekebisha kabla ya kuiuza.

Umeona? Kampuni yenyewe ilianzia kwenye kubadilisha kitu kilichotengenezwa kwa kazi nyingine. Kwa hiyo kubadilisha sio dhambi. Ila angalia yale mabadiliko yalifanywa kwa ajili ya nani: kwa ajili ya aliyepanda. Sachi alilalamika, chombo kikarekebishwa.

Twende 1958. Inatoka Honda Super Cub, injini ya 49cc. Takeo Fujisawa, mwenzake Honda aliyesimamia biashara, alitaka pikipiki ambayo mama wa nyumbani hataikataa mlangoni. Ndiyo maana injini ilifichwa, na mbele pakawekwa ngao ya plastiki inayokinga miguu na tope na upepo. Katikati paliachwa wazi ili hata mwenye sketi apande bila kurusha mguu juu. Klachi ya mkono ikaondolewa, ili kijana anayepeleka tambi kwa wateja ashike sinia kwa mkono mmoja. Kufikia 2017 pikipiki za familia hii zilikuwa zimepita milioni 100. Sasa mtu anapong'oa ile ngao kwa sababu "inaharibu shepu," ajue anang'oa kitu kilichowekwa kwa ajili ya miguu ya mtu.

Halafu 1969 ikaja Honda CB750. Silinda nne, mwendo mkali, na mbele breki ya diski, jambo ambalo pikipiki za kawaida za wakati ule hazikuwa nalo. Marekani kulikuwa na mtindo wa kukata pikipiki, chopa zenyewe, na CB750 nyingi zikaingia kwenye msumeno. Fremu zilikatwa, mguu wa mbele ukarefushwa, madigadi ya mbele yakatupwa. Wengine walitoa hata breki ya mbele ili gurudumu lionekane jembamba na safi. Sasa hapa sikiliza vizuri. Ukifunga breki, uzito wote unakimbilia mbele, na gurudumu la mbele ndilo linalofanya kazi kubwa ya kusimamisha. Aliyetoa breki ile alipata picha nzuri, akapoteza nguvu ya kusimama. Leo CB750 za mwanzo kabisa, zile takriban 7,400 ambazo watu huziita za kalibu za mchanga, zinatafutwa kwa pesa nyingi, hasa zikiwa hazijaguswa.

Sasa ya karibu na sisi. Mwaka 1976 Honda walitoa CG125, iliyobuniwa makusudi kwa nchi zenye vumbi, barabara mbovu na oili inayochelewa kubadilishwa. Viwanda vya China viliiga sana injini hiyo, kwa hiyo bodaboda nyingi unazopanda ni wajukuu zake. CG ilikuja na kava lililofunika cheni nzima. Lilikuwa la kuzuia vumbi, ndiyo, lakini cheni iliyofunikwa haili kanga, haili dera, wala vidole vya mtoto. Fundi wa mtaani analitoa kwa dakika chache, maana linamchelewesha kukaza cheni. Akishamaliza, mwambie alirudishe.

Basi jibu langu ni hili. Ugomvi wa "orijino au kubadilisha" unauliza swali pungufu. Shika kila kifaa kinachotaka kutolewa, uliza: hiki kilikuwa kinamkinga nani? Rangi, kitambaa cha kiti, stika, vibadilisheni mpaka mchoke. Madigadi, kava la cheni, vioo, taa, breki, sehemu ya abiria kukanyaga, na kile kibati kinachofunika ekzosi, vibaki. Kama pikipiki ni ya kupigia picha tu na haitabeba mtoto, mengine ni hiari yenu, ila vifaa vya zamani viwekwe kwenye boksi, visiuzwe chuma chakavu. Mjukuu anaweza kutaka kuirudisha ilivyokuwa.

Nasisitiza kile kibati kwa sababu mguu mdogo ukigusa ekzosi ya moto, ngozi inatoka papo hapo. Ikitokea: maji safi ya bomba yanayotiririka, dakika 20, kisha hospitali. Sio dawa ya meno, sio mafuta ya kupikia, sio asali. Na mfundishe mtoto kushukia upande usio na ekzosi.

Leo kabla hamjalala, nenda bandani na tochi uihesabu: vioo viwili, kava la cheni, kibati cha ekzosi. Kinachokosekana kiandike, kesho kitafutwe. Sehemu ya 4 tutaongelea helmeti ya mtoto.