Jina Ndani ya Mkataba: Faustin Twagiramungu na Hoja ya Mibirizi

Hukumu inayorudiwa mno juu ya Faustin Twagiramungu ni kwamba alikuwa waziri mkuu wa Rwanda asiye na watu. Wanaoishikilia huanzia uchaguzi wa Agosti 2003, alipopata asilimia 3.62 ya kura dhidi ya 95.05 za Rais Paul Kagame, kisha huyasoma maisha yake kinyumenyume. Husahau kwamba Bunge lilikuwa limependekeza chama chake, MDR, kivunjwe, naye akabaki mgombea binafsi.

Asili yake haina ubishi: alizaliwa Cyangugu mwaka 1945, akasoma Kanada, akaongoza shirika la usafirishaji la STIR, akamwoa binti wa Rais Grégoire Kayibanda. Ubishi uko Julai 1993. Muda wa Waziri Mkuu Dismas Nsengiyaremye ulipokwisha, Twagiramungu, mwenyekiti wa MDR, alimuunga mkono Agathe Uwilingiyimana ashike nafasi hiyo. Kongamano la chama likamfukuza, likamteua Jean Kambanda awe waziri mkuu wa serikali ya mpito. Kwa kanuni za chama, mambo yangeishia hapo. Lakini Mkataba wa amani wa Arusha, uliotiwa saini Agosti 4, ulimtaja Twagiramungu kwa jina, kifungu cha 6, kuwa ndiye atakayeshika wadhifa huo. Nafasi nyingine ziligawiwa vyama. Hii ilipewa mtu. Wajumbe wa MDR hawangeweza kumwondoa bila kuugusa mkataba uliosainiwa na serikali na waasi wa RPF. Nguvu yake haikutoka kwenye sanduku la kura, na anayeitafuta humo atatoka mikono mitupu.

Je, huu ulikuwa ugomvi wa wakubwa wa Kigali tu? Tazama Mibirizi, parokia iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1903, katika mkoa huohuo wa Cyangugu. Aprili 30, 1994, mauaji ya kimbari yakiendelea, Watutsi waliokimbilia hapo walishambuliwa na kuuawa. Mwaka 2010 mahakama ya Umoja wa Mataifa mjini Arusha ilimtia hatiani Yussuf Munyakazi kwa kuongoza shambulio hilo na lile la Shangi la siku iliyotangulia. Siku ya shambulio la Mibirizi waziri mkuu alikuwa Kambanda, chaguo la kongamano, ambaye baadaye alikiri mauaji ya kimbari. Uwilingiyimana alikuwa ameuawa Aprili 7. Mteule wa mkataba alikuwa ameponea chupuchupu kwa msaada wa askari wa Umoja wa Mataifa. Sidai kwamba Twagiramungu angeiokoa Mibirizi, maana Munyakazi hakuhitaji idhini ya MDR. Nadai kwamba mgawanyiko wa 1993 ulihusu nani angeketi kwenye kiti hicho siku kama ile, na kongamano lilijibu vibaya.

Watasema: asiye na kura huanguka. Bengal inawajibu kwamba hata mwenye kura huanguka. A. K. Fazlul Huq, mzee wa siasa za wakulima wa Kibengali, aliongoza muungano uliozoa viti vya Bengal ya Mashariki mwaka 1954, na serikali kuu ya Pakistani ikamfuta kazi kabla hajatimiza miezi miwili. Kura hazikumlinda.

Twagiramungu naye aliapishwa kuwa waziri mkuu Julai 19, 1994, wakati RPF ilikuwa na silaha zote lakini ikitaka kuonekana mrithi wa Arusha. Agosti 1995, haja hiyo ilipopungua, aliondoka madarakani pamoja na Seth Sendashonga, waziri wa mambo ya ndani, baada ya mivutano juu ya usalama na mauaji ya raia. Sendashonga aliuawa Nairobi mwaka 1998.

Kuna doa ambalo watetezi wake hulipita harakaharaka: mwaka 2014, akiwa uhamishoni Ubelgiji, alijiunga kwenye muungano mmoja na FDLR, kundi lenye waliohusika na mauaji ya kimbari. Ni uamuzi usioteteka. Lakini ni uamuzi wa mtu aliyekwisha kupoteza mkataba, chama na nchi, na hauwezi kutumiwa kueleza alichokifanya Julai 1993, alipokuwa hajapoteza chochote kati ya hivyo na akamchagua Uwilingiyimana.