Guqin

Guqin ni ala ya Kichina yenye nyuzi 7, iliyoundwa kwa mbao ndefu yenye mvungu ndani, takriban sentimita 120. Hulazwa mezani na kupigwa kwa vidole: mkono wa kulia hudonoa, wa kushoto hubonyeza na kuteleza juu ya nyuzi, ukifuata alama 13 zilizopachikwa ubavuni. Sauti yake ni ya chini mno, ya kusikilizwa kwa ukaribu, nayo ilipendwa hasa na wasomi.

Ala ya kale ya aina hii, yenye nyuzi 10, ilipatikana katika kaburi la mtawala Yi wa Zeng, Hubei, la mnamo 433 KK. Mwaka 1425 mwanamfalme Zhu Quan alichapisha Shenqi Mipu, mkusanyo wa nyimbo za guqin. Maandishi ya mkusanyo huo hutaja kidole, uzi na mahali pa kubonyeza, lakini hayaandiki mwendo wa mapigo. Mpigaji hana budi kuutafuta mwenyewe, na hapo ndipo ulipo uzuri wote wa sanaa hii.

Nyuzi za hariri zilianza kuachwa katika karne ya 20, zikaja za chuma zilizozungushiwa nailoni. Mwaka 1977 wimbo wa guqin uitwao Liu Shui, uliopigwa na Guan Pinghu, ulipelekwa angani na vyombo vya anga vya Voyager.