Bendera Nyekundu Iliyotoka Nyeusi

Mwaka 1981, nikiwa na miaka kumi na sita, nilipelekwa kwa mpiga picha mmoja wa Mjini Unguja nijifunze kazi. Ukutani pake palitundikwa picha ya zamani ya Forodhani, na mimi siku ile ile ya kwanza nikaiona kasoro: bendera juu ya jumba la Beit al-Ajaib ilikuwa nyeusi. Wazee wetu wote walijua kwamba bendera ya Sultani, mpaka Desemba 1963, ilikuwa nyekundu tupu. Nikamuuliza fundi. Akanijibu huku mikono ikiwa ndani ya trei ya dawa: "Mwanangu, kioo kile hakikuwa na jicho la kuiona nyekundu."

Ilinichukua miaka kulielewa jibu hilo. Wapiga picha wa kwanza wa Unguja, kama A. C. Gomes, Mgoa aliyefungua studio yake hapa katika karne ya 19, walitumia vioo vilivyopakwa dawa ya fedha. Dawa ile iliinywa buluu kwa pupa na nyekundu haikuigusa. Ndiyo maana bendera ikatoka nyeusi, na mabati yenye kutu yakatoka kama lami. Anga nalo likateketea likawa jeupe. Aliyekaa Shangani anajua mawingu yanavyojipanga juu ya bahari masika yakikaribia. Katika picha hizo hayapo. Mnara wa taa wa mbele ya Beit al-Ajaib, uliopigwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, unasimama katika weupe mtupu kama uliochorwa kwenye karatasi.

Kisha zikaja kadi za posta za rangi, na hapa nina uchungu kidogo. Kabla ya vita vya 1914, kadi nyingi za ulimwengu zilichapishwa Ujerumani, na za kwetu nyingi zilikwenda huko huko. Picha ilisafiri nyeusi na nyeupe, rangi ikatiwa kiwandani. Nimepata kushika kadi mbili za picha moja: katika ya kwanza tanga la jahazi ni la waridi, katika ya pili ni la manjano. Bahari zote mbili ni za kijani cha majani ya mgomba. Mimi sijapata kuiona bahari hiyo, wala baba yangu. Watu wanazinunua leo kwa bei kubwa wakiamini wanaiona Unguja ya babu zao.

Rangi ya kweli ilikuwapo. Ndugu Lumière wa Ufaransa waliuza vioo vyao vya rangi, vilivyotengenezwa kwa chembe za wanga wa viazi, tangu 1907. Filamu ya Kodachrome ikaja 1935. Lakini Kodachrome haikusafishika katika chumba cha giza cha kawaida. Uliipiga, ukaituma ng'ambo, ukangoja posta.

Hata zilipokuja filamu rahisi zaidi, shida yetu ilikuwa maji. Dawa ya picha nyeusi na nyeupe inataka nyuzi 20 hivi, na maji ya bomba la Unguja hutoka yakiwa na joto la mchana kutwa. Kazi yangu ya kila alfajiri ilikuwa kwenda kununua barafu. Rangi ilitaka nyuzi 38, bila kupanda wala kushuka, na umeme ukikatika kazi nzima imeharibika. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, Bara bado hawana televisheni yoyote, lakini sisi chumbani tulikuwa bado na barafu yetu.

Mabibi harusi walitaka rangi, na tukawapelekea filamu zao nje. Bahari fundi aliibakisha katika fedha, nyeusi na nyeupe, kwa hiari yake. Filamu za wakati wetu ziliziona rangi zote, kwa hiyo alifunga kioo cha manjano mbele ya lenzi ili kuizuia buluu: anga likaingia kijivu, mawingu yakachomoza. Akifunga chekundu, mchana wa Kaskazi ulikuwa karibu usiku, na tanga likawaka. Nilimwona akingoja saa nzima pale ukingoni, jahazi lipite chini ya wingu alilolitaka.

Mwaka 1984 nilikuwa na filamu yangu ya kwanza ya rangi, na nikapiga bahari ile ile, mahali pale pale. Ninazo picha zote mbili. Ya fundi haijabadilika. Katika yangu buluu ndiyo iliyokufa kwanza, kama kawaida ya karatasi za miaka ile, na maji ya Forodhani sasa ni mekundu ya matofali. Nimeitia ndani ya bahasha, na juu yake nimeandika kwa penseli, kila kitu na rangi yake ninavyoikumbuka: maji, tanga, mabati, anga.