Gharama za masomo ya chuo kikuu Kindu

Gharama za masomo ya chuo kikuu mjini Kindu, makao makuu ya mkoa wa Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hubebwa na mwanafunzi pamoja na jamaa zake, na mara nyingi jamaa hubeba zaidi. Kenya ina HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, tangu 1995, na bodi ya Tanzania ilianza kazi 2005. Mwanafunzi wa Kindu hana ofisi ya namna hiyo ya kuiendea. Zama za UNAZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire (1971–1981), wanafunzi walipewa posho na serikali. Uchumi ulipoanguka, mzigo ukashukia wazazi, na elimu bila malipo iliyoanza 2019 inaishia shule ya msingi.

Uamuzi wa kwanza, baada ya kufaulu Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ni kubaki au kuondoka. Mjini kuna Chuo Kikuu cha Kindu (UNIKI), ISP kwa wanaotaka ualimu, na Chuo Kikuu cha Mapon kilichoanzishwa na Matata Ponyo, waziri mkuu wa zamani. Anayekwenda Kisangani hushuka mto Lualaba hadi Ubundu, kisha bado ana kilomita 125 za kuzunguka maporomoko. Lubumbashi ni reli, na treni haina haraka. Ndiyo maana mjomba mwenye chumba katika miji hiyo ana thamani kuliko punguzo lolote la ada, ingawa mgeni wake atachota maji na kulea watoto kabla ya kufungua daftari.

Ada hulipwa kwa awamu. Ikihesabiwa kwa dola, mama anayeuza mchele kwa franga hupoteza kila franga inaposhuka. Dawa yake ni likelemba, mchezo wa kuchangiana kwa zamu. Watu 10 wakitoa dola 20 kila mwezi, kila mmoja hupokea 200 zamu yake ikifika. Haongezewi hata senti. Anachopata ni wakati, kwa hiyo huomba mapema zamu ya mwezi wa ada. Karatasi ya benki, bordereau, huwekwa ndani ya mfuko wa plastiki, kwa kuwa asiyeionyesha anaweza kuzuiwa mlangoni mwa mtihani.

Ufadhili wa Excellentia, wa wakfu wa Denise Nyakeru Tshisekedi, mke wa rais, huwalenga waliofanya vizuri sana katika Exetat, yaani wachache. Mfumo wa LMD (licence, master, doctorat), ulioanza mwaka wa masomo 2021–2022, unatoa licence kwa miaka 3 badala ya 5. Hata hivyo, hesabu nyingi za nyumbani hukwama mwaka wa mwisho: kuchapa kazi ya kuhitimu, kuijalidi, suti ya siku ya kuitetea, na soda za wageni.